Turbo ya Bei Nafuu Kampala, Ghali Nangina: Linganisha Bei ya Spea za Hewa Kabla ya Kutuma Pesa

Ukimiliki Subaru Impreza ya zamani hapa mpakani, una bahati ambayo mwenzako wa Nyeri au Machakos hana. Asubuhi unaweza kuuliza bei mjini Busia, saa nne ukampigia muuzaji wa Kisekka kule Kampala, na kabla ya chakula cha mchana ukawa umeletewa picha za WhatsApp kutoka Kirinyaga Road, Nairobi. Nchi mbili, miji mitatu, na pesa iko kwenye simu. Kidole kimoja tu na turbo iko njiani.

Bahati hiyo hiyo ndiyo mtego. Bei ya Kampala iko kwa shilingi za Uganda, ya Nairobi haina nauli ya mzigo, na ya Busia imejumuisha vitu ambavyo wale wengine hawajavitaja. Ukiziweka kando kwa kando hivyo hivyo, unalinganisha ng'ombe na maziwa.

Sisi hatuuzi spea. Kazi yetu ni pesa kwa simu, na kila mwezi wateja wa Busia, Malaba, Funyula na Nangina hutuuliza maswali yanayofanana: nitume kwa njia gani, nitalipa ada ngapi, na nikidanganywa nitafanya nini? Makala haya yanajibu maswali hayo kwa mfano mmoja ambao vijana wengi wa eneo hili wanaujua vizuri, yaani kununua vifaa vya kuongezea injini hewa. Hata kama gari lako ni Probox au huna gari, hesabu ni ile ile ukinunua friji, mashine ya kunyolea au simu kutoka ng'ambo ya mpaka.

Kwa nini kila mtu anauza hewa

Injini ya petroli haichomi petroli peke yake. Kwa kila kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Ukitaka nguvu zaidi lazima uingize hewa zaidi, kisha uongeze petroli ya kulingana nayo. Ndiyo maana vifaa vingi vya "kuongeza mbio" ni vya hewa: filta, paipu, turbo, intakula ya kupoza hewa, na ekzosi ya kutolea moshi haraka.

Hapa kwetu kuna sababu nyingine. Busia iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kati ya kumi, kwa hiyo injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kiasi hicho hata kabla hujapakia abiria. Turbo inasukuma hewa kwa nguvu na kufidia upungufu huo. Mtu aliyewahi kuendesha Impreza ya turbo na isiyo na turbo kwenye barabara moja hahitaji kuelezwa tofauti.

Halafu kuna jina. Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akarudia ushindi huo na Subaru mwaka 2000. Watoto waliosimama kando ya barabara wakila vumbi la magari yale sasa ni watu wazima wenye mishahara. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo Impreza ya mwaka 2001 unayoiona leo iliingia zamani na imepita mikono mingi. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018 tu. Magari ya zamani yaliingia huko kwa miaka mingi, na nchi zote mbili tunaendesha upande mmoja wa barabara. Ndiyo sababu spea za ex-Japan zinavuka mpaka kila siku.

Kwanza jua gari lako ni lipi

Sio kila Impreza ni WRX. Nyingi zilizoko hapa ni za sisi 1500, hazina turbo, na hazikuundwa kwa ajili ya turbo. Tundu la hewa kwenye boneti si ushahidi, kwa sababu boneti inabadilishwa. Angalia sisi kwenye logbook, kisha mwambie fundi asome namba ya injini yenyewe.

Hili linaamua bajeti nzima. Kufunga turbo kwenye injini ambayo haikuwa nayo si kununua turbo tu. Kuna pistoni, mfumo wa petroli, mafuta ya kulainisha turbo, upoaji wa maji na kompyuta ya gari. Mara nyingi ukijumlisha unakuta ni afadhali ungenunua injini nzima yenye turbo yake. Muuzaji anayekuambia "hii inaingia kwa Subaru yoyote" ama hajui, ama anajua vizuri sana.

Vifaa vyenyewe, kutoka vya mamia hadi vya makumi ya maelfu

Filta ya kawaida, ile mafundi wanaiita ea klina, ndiyo ya bei ya chini kabisa. Kwenye barabara zetu za murram, na nyuma ya foleni za malori ya Malaba, inaziba haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Filta iliyoziba inakunyima nguvu ulizokuwa nazo tayari.

Filta ya koni, ile ya wazi inayoonekana ukifungua boneti, ni ya elfu kadhaa. Inatoa sauti nzuri. Lakini ikikaa wazi ndani ya boneti inavuta hewa moto ya injini, na hewa moto ni nyepesi. Zile za kupakwa mafuta, ukizidisha mafuta yake yanafika kwenye sensa ya kupima hewa, ile eaflo, na gari linaanza kukohoa. Na kama ni bandia ya matundu makubwa, vumbi la Samia linaingia moja kwa moja kwenye silinda.

Valvu ya kupumua ni ile inayopiga "pshhh" ukiachilia mafuta. Kwenye Subaru za turbo zenye sensa ya eaflo, valvu inayomwaga hewa nje inaichanganya kompyuta: hewa imeshahesabiwa na petroli imeshapangwa, halafu hewa haipo. Unanunua sauti, na unailipia kwa petroli.

Feni ndogo za umeme zinazouzwa mtandaoni kwa jina la "turbo ya umeme" kwa bei ya sufuria hazina nguvu ya kuongeza mgandamizo wa hewa kwenye injini ya gari. Hapo hakuna cha kulinganisha, pita tu.

Ekzosi pana inasaidia injini yenye turbo kuliko isiyo nayo. Lakini kuwa macho na fundi anayesema atakutolea katalisti bure "ili gari lipumue". Katalisti ina madini ya platini, paladi na rodi, na ina wanunuzi. Kazi hiyo si ya bure. Umeilipa kwa kifaa ambacho hukuuliza bei yake, na moshi wa gari lako sasa unatoka bila kusafishwa.

Halafu turbo yenyewe. Hapo tunazungumza makumi ya maelfu, na hapo ndipo watu wanaumia.

Kabla ya kununua, tengeneza

Kabla hujalinganisha bei yoyote, mlipe fundi unayemwamini nusu siku akague vitu vinne: filta, hozi za hewa, sensa ya eaflo na plagi. Hozi ya raba ya gari la miaka ishirini hupasuka chini ambako huoni. Turbo inasukuma, hewa inatokea kwenye ufa, na mwenye gari anasema "turbo imekufa" wakati kilichokufa ni hozi.

Kama turbo imekufa kweli, uliza imekufa kwa nini. Turbo nyingi huuawa na mafuta machafu au paipu ya mafuta iliyoziba. Ukifunga nyingine bila kusafisha njia ya mafuta, hiyo nayo itaenda. Tena vipande vya chuma vya ile ya kwanza vinaweza kuwa vimebaki kwenye mafuta au kwenye intakula. Kwa hiyo bei ya turbo lazima iandamane na bei ya mafuta mapya, filta ya oili, gasketi na kazi ya fundi. Mtu akikutajia turbo peke yake, amekutajia nusu ya bei.

Na ukiongeza mgandamizo wa hewa bila kupanga upya petroli kwenye kompyuta ya gari, mchanganyiko unakosa petroli, joto linapanda na pistoni inapasuka. Injini nzima inakwenda kwa sababu ya kifaa kilichonunuliwa "kwa bei poa".

Bei tatu, hesabu moja

Sasa tuchukue kijana wa Nangina mwenye Impreza ya turbo. Fundi amethibitisha turbo imechoka. Ameomba bei sehemu tatu za turbo ya aina moja, iliyotumika, ex-Japan. Namba zifuatazo ni za mfano tu, za kukuonyesha jinsi ya kupiga hesabu. Bei za leo utaziuliza mwenyewe.

Kampala: shilingi 700,000 za Uganda.
Nairobi: shilingi 29,500 za Kenya.
Busia, upande wa Kenya: shilingi 34,000.

Kijana anagawa haraka kwa 28 kichwani: 700,000 ni sawa na 25,000 za Kenya. Kampala imeshinda kwa elfu tisa! Kidole kiko kwenye simu.

Ngoja kwanza. Tuziandike zote.

*Kampala.* Kiwango cha 28 amekisikia kwa wabadilishaji pesa wa barabarani. Kiwango cha kutuma kwa simu siku hiyo, tuseme, ni 27. Kwa hiyo 700,000 inamgharimu 25,926. Ada ya kutuma nje ya nchi, tuseme 300. Muuzaji anamwambia "weka na ya kutolea", kwa sababu Uganda ina ushuru wa asilimia 0.5 kwa pesa inayotolewa kutoka kwenye simu, juu ya ada ya wakala. Ushuru peke yake kwa 700,000 ni 3,500 za Uganda. Pamoja na ada, tuseme 17,000 za Uganda, yaani 630 za Kenya. Mzigo kwa basi hadi mpakani, 1,000. Gasketi hazimo, 2,500. Na forodha? Tuseme maafisa wamemkadiria ushuru na kodi za shilingi 8,000. Jumla: 38,356.

*Nairobi.* Bei 29,500. Ada ya kutuma, tuseme 100. Mzigo kwa basi hadi Busia, 800. Gasketi 2,500. Jumla: 32,900.

*Busia.* Bei 34,000, gasketi zimo, analipa kwa Till bila ada kwa upande wake, na anaiona kwa macho kabla ya kulipa. Jumla: 34,000.

Ile iliyokuwa rahisi kwa elfu tisa sasa ndiyo ghali kuliko zote. Kati ya Nairobi na Busia tofauti ni 1,100. Sasa jiulize: turbo ya Nairobi ikifika na haifai, nani atalipa 800 ya kuirudisha? Na gari litakaa gereji siku ngapi? Ukijibu maswali hayo, huenda 1,100 ndiyo bei ya kulala usingizi.

Hatusemi Kampala ni ghali daima. Siku nyingine gasketi zimo, kiwango cha shilingi ni kizuri, au kifaa hicho hakipatikani kabisa upande huu. Tunachosema ni kwamba huwezi kujua mpaka uandike mistari yote saba: bei, kiwango cha kubadilishia, ada ya kutuma, ya kutolea, nauli ya mzigo, forodha, na vitu vinavyoandamana nacho. Mstari ukiuacha wazi, haimaanishi ni sifuri. Umeuficha tu, na utakupata mbele.

Kuhusu forodha, bila kuzungushana

Wengi wetu tunavuka na mboga, samaki na nguo na tumezoea utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Utaratibu huo unaondoa ushuru wa forodha kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Lakini ni kwa bidhaa *zilizotoka* ndani ya Jumuiya. Turbo iliyotengenezwa Japani haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu imelala dukani Kampala. Kwa hiyo usipige hesabu ukidhani itapita bure.

Kabla ya kununua, pita kwenye kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kile kilichofunguliwa rasmi na marais wa nchi mbili Februari 2018, ukaulize kwenye dawati la forodha: kifaa hiki, cha thamani hii, ni ngapi? Kuuliza hakulipiwi. Nenda na picha na karatasi ya bei.

Njia ya panya inaonekana ya mkato, lakini ongeza mstari wa nane kwenye hesabu yako: mzigo ukishikwa, umepoteza kifaa na pesa yote. Tena kitu kilichopita bila karatasi huwezi kukirudisha kwa muuzaji kwa uhuru, kwa sababu sasa una mpaka wa kuvuka mara mbili ukiwa umejificha.

Ujumbe wa kumwandikia muuzaji

Usianze na "mwisho ngapi?" Anza na kitu chenyewe. Unaweza kunakili huu:

"Habari ya leo mkubwa. Natafuta turbo ya Impreza. Namba ya injini yangu ni hii, na namba iliyoandikwa kwa turbo yangu ya sasa ni hii. Naomba picha ya ile bamba ya namba kwa turbo yako, na video ukizungusha shafti na kuisukuma mbele na nyuma. Weka karatasi kando yenye jina langu na tarehe ya leo. Bei ni ya turbo pekee au na gasketi? Nikifunga ikatoa moshi wa bluu, nairudisha ndani ya siku ngapi, na nani analipa gari la kuirudisha? Risiti utatoa?"

Muuzaji wa kweli atajibu, hata kama ni kwa ufupi: "Sawa kaka, ngoja nikupigie picha." Karatasi ya jina na tarehe inazuia ile tabia ya kutumia picha zilizochukuliwa kwenye duka la mtu mwingine. Shafti ikitikisika mbele na nyuma, turbo imechoka. Ikicheza kidogo tu pande kwa pande, hiyo ni kawaida kwa turbo isiyo na mafuta ndani. Kama hujui kutofautisha, mtumie fundi wako hiyo video. Ni hatua ya bure na inaokoa maelfu.

Akikujibu "lipa deposit kwanza halafu nikutumie picha", umeshapata jibu lako.

Kulipa: hapa ndipo sisi tunaingia

*Soma jina kabla ya PIN.* Ukilipa kwa Till, jina la biashara linapaswa kufanana na la duka na la risiti. Ukiambiwa "Till ya duka ina shida, tuma kwa hii ya kijana wangu", simama. Duka lenye Till inayofanya kazi jana na leo asubuhi haliharibikiwi wakati wewe tu unalipa.

*Gawanya malipo.* Kwa kitu cha makumi ya maelfu, si vibaya kuomba kulipa nusu ukiwa umekiona na nusu kikishafungwa na kujaribiwa. Kwa mzigo wa mbali, kama una ndugu au rafiki Kampala au Nairobi, mtume yeye dukani alipe akiwa ameshika kitu mkononi. Mtumie pesa ya chai, bado utakuwa umeokoa.

*Ujumbe wa kuthibitisha ndio ushahidi wako.* Usiufute. Una tarehe, saa, jina na namba ya muamala. Lakini usiutegemee peke yake: unaonyesha ulilipa nani na kiasi gani, hauonyeshi ulinunua nini. Hicho ndicho kinachoandikwa kwenye risiti. Mwambie aandike namba ya turbo na siku za kurudisha.

*Jihadhari na mtandao wa mpakani.* Simu ikiwa karibu na mpaka hushika mtandao wa upande wa pili bila kukuuliza. Muamala unakawia, unadhani haujaenda, unatuma tena. Sasa umelipa mara mbili. Kabla ya kurudia, angalia salio na taarifa ya miamala. Ukiwa mjini, chagua mtandao wako mwenyewe kwenye mpangilio wa simu badala ya kuiachia simu ichague.

*Una laini mbili? Zitenganishe.* Watu wengi wa Busia na Malaba wana laini ya Kenya na ya Uganda kwenye simu moja. Hakikisha unajua uko kwenye menyu ya ipi. Elfu 30 za Kenya na elfu 30 za Uganda si ndugu hata kidogo.

*Ukituma kwa makosa, omba kurudishiwa mara moja* kupitia huduma rasmi ya mtandao wako. Kadiri unavyochelewa, ndivyo pesa inavyoweza kutolewa. Na wewe pia, mtu asiyejulikana akikupigia kusema "nimekutumia kwa bahati mbaya, nirudishie", angalia salio lako kwanza. SMS ya uongo huandikwa kama ya kweli, lakini salio halidanganyi. Hata kama pesa imeingia kweli, usimtumie kwa mkono. Mwambie aombe kwa utaratibu wa mtandao.

*PIN si ya muuzaji, si ya fundi, si ya mhudumu wetu.* Hakuna hatua yoyote ya kununua spea inayohitaji mtu mwingine aijue.

Na kama pesa haijatosha

Turbo ikiharibika, gari linasimama, na mkopo wa simu uko hapo unakuita. Piga hesabu yake kama ulivyopiga ya spea. Tuseme umekopa 30,000 kwa ada ya asilimia 8 kwa kila siku 30. Ukilipa ndani ya mwezi, ada ni 2,400. Ukizungusha mara tatu kwa kushindwa kulipa, ni 7,200. Ongeza hiyo kwenye mistari yako saba, uone kama ile turbo ya Busia bado ni 34,000.

Kama gari ndilo linakuletea chakula, mkopo mfupi wa kulirudisha barabarani unaweza kuwa na maana. Jiulize tu: gari likitembea litanipa ngapi kwa siku, na nitamaliza kulipa lini? Lakini kama ni filta ya koni, valvu ya "pshhh" au ekzosi ya kutikisa madirisha ya majirani, hicho si kitu cha kukopea. Kiwekee akiba. Shilingi 300 kwa siku, siku sita kwa wiki, ni 1,800. Katika wiki 19 una 34,200, hukumlipa mtu ada, na umepata muda wa kutosha wa kuuliza bei sehemu tano badala ya tatu.

Na kitu kimoja ambacho wengi husahau: ukibadilisha injini au kuongeza nguvu za gari, iambie kampuni yako ya bima kabla ya ajali, si baada. Bima iliyokataa kulipa ni ghali kuliko turbo yoyote.

Fanya hivi leo

Chukua karatasi. Chora safu tatu: Busia, Kampala, Nairobi. Andika mistari saba upande wa kushoto: bei, kiwango, kutuma, kutolea, mzigo, forodha, vinavyoandamana. Jaza kila kisanduku kwa namba uliyoambiwa na mtu, si uliyobuni. Penye pengo, piga simu uulize. Ukimaliza, mwonyeshe fundi wako karatasi hiyo kabla ya kumwonyesha muuzaji simu yako.

Ukifika hapo na bado Kampala imeshinda, nunua Kampala kwa moyo mweupe. Angalau sasa unajua umelipa ngapi.